Vidole Vinne vya Waya

Jumanne asubuhi shemeji yake alipofika hakukaa, na Mama Waya akajua hapo hapo kwamba mambo si mazuri. Huyu alikuwa mtu wa kukaa. Akija kuazima sindano atakaa, akija kuleta salamu atakaa mpaka chai ichemke mara mbili. Leo alisimama mlangoni, bega kwenye fremu, macho kwenye meza ya kazi.

"Shemeji, nataka nailoni," alisema. "Ile nene. Waya basi."

Mikono ya Mama Waya haikusimama. Alikuwa ameibana ncha moja ya waya kwenye jiliwa na nyingine kwenye koleo, na waya uliopindwa nusu hauachwi; ukiuacha unajifumua wenyewe kama nywele alizosukwa mtu na mtoto. Akazungusha mara tisa, saba za kubana na mbili za kulegeza, akakata, akapitisha kidole kwenye ncha kuona kama inachoma. Ndipo akainua uso.

"Waya umekukosea nini?"

"Umenimaliza."

Katika chumba kile cha mbele, ambacho nyumba nyingine wangeweka makochi, kulitengenezwa kitu kimoja tu: kile kipande kifupi kinachokaa kati ya mshipi na ndoana. Marehemu mumewe alikiita shingo, nyumba nzima ikaita shingo, na mwisho wavuvi wote wa mto ule wakaita hivyo. Kipande hicho kilikuwepo kwa sababu ya samaki mmoja, yule waliyemwita mbwa wa mto. Mbwa wa mto akikomaa anafikia uzito wa mtoto wa darasa la tatu, na meno yake hayafichwi na midomo. Yamekaa nje, yakipishana kama meno ya zipu. Mshipi mtupu kwake ni uzi wa kushonea nguo. Kwa hiyo shingo za nyumba ile zilisokotwa kwa nyuzi za chuma zilizofumuliwa kutoka nyaya za breki za baiskeli, zikapakwa mafuta ya cherehani zisishike kutu. Waya mmoja mnene ungekuwa na nguvu kuliko nyuzi, lakini ukijikunja mara moja tu unabaki na kigongo, na kwenye kigongo ndipo unapokatikia. Nyuzi zinapinda pamoja na samaki.

Marehemu alikuwa na neno lake: nyumba hii haitoi nailoni. Alisema samaki akimkimbia mtu, hiyo ni bahati ya samaki. Lakini akiondoka na ndoana kooni akafe kwa njaa chini ya majani, hapo mtu ameua kiumbe cha Mungu na hakuna aliyekula. Alifariki mwaka juzi kwa ugonjwa wa figo. Akamwachia mkewe meza, jiliwa, koleo, fundi baiskeli wa kona ya pili aliyewawekea waya kuukuu, na neno hilo.

"Wamenikatikia watatu," shemeji alisema. "Watatu wakubwa tangu maji yapungue. Kila mara ni hivyo hivyo. Anashika, namvuta, naona mgongo wake huo, halafu mkono unakuwa mwepesi. Navuta mshipi juu, hauna kitu. Shingo haipo, ndoana haipo. Na Kinyozi anasema nini? Anasema fundo langu limeteleza."

Kinyozi ndiye mwenye mtumbwi. Kazi yake ni kunyoa, lakini alinunua mtumbwi na kumweka shemeji avue, wagawane.

"Tena hakusema faraghani. Alisema pale mtoni, mbele za watu. Sasa wananiita Bwana Fundo. Nikipita, mmoja anauliza, 'Kamba za viatu umefunga mwenyewe au kafunga mke?'" Akajaribu kucheka, kicheko kikagoma. "Jumamosi ni ya mwisho. Nikipoteza mwingine, nafasi yangu anapewa mtu mwingine. Miaka kumi na minne mtoni, shemeji. Nitakwenda kufanya nini, kubeba tofali?"

"Lete ncha."

"Ncha gani?"

"Ya mshipi. Ile iliyorudi tupu."

Aliitoa mfukoni. Alikuwa akitembea nayo kama mtu anayetembea na cheti cha hospitali. Mama Waya akaipeleka dirishani, akaivuta mbali na macho, akaisogeza karibu. Fundo likiteleza, ncha hubaki imejiviringisha kama mkia wa nguruwe. Hii ilikuwa imelala bapa, imechanika nyuzinyuzi.

"Fundo lako halikuteleza," alisema. "Hapa pametafunwa."

"Si ndivyo ninavyosema? Waya wako…"

"Waya umekwenda na samaki, mzima. Kilichokatika ni mshipi, juu ya waya."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo sijui."

"Kutojua kwako kutaniweka kwenye mtumbwi?" Sauti ilipanda, akaishusha, huyu ni mke wa kaka yake. "Watu wa juu ya mto wanafunga nailoni nene kama njiti ya kiberiti. Samaki haioni. Anakuja mwenyewe, kama mgeni aliyesikia harufu ya pilau."

"Akishakuja?"

"Aje kwanza! Mengine baadaye."

"Nipe mpaka Alhamisi," alisema mjane. Shemeji akaondoka bila kuonja chai. Birika lilikuwa limeanza kuimba.

Mama Waya hakuwa mtu wa kubishana na jambo kabla hajaliangalia. Shule aliishia la saba, lakini jicho lake halikuishia popote. Ndani ya droo alikuwa na kipande cha nailoni ile nene ambacho mchuuzi mmoja alimwachia "aonje", kana kwamba nailoni inaonjwa. Alikifunga kwenye ndoo ya maji, akaining'iniza ndoo kwenye kenchi ya paa. Nailoni ikashika. Akaongeza mawe mawili. Ikashika bado, inang'aa, wala haina wasiwasi. Akakaa akaitazama muda mrefu. Kisha akajiambia: ndoo haina meno.

Jumatano akaenda sokoni na mkoba wake, ndani nailoni, koleo na shingo mpya mbili. Muuza samaki alikuwa jirani yake wa ibadani, mwanamke wa kifua kikubwa na mdomo usio na mlango.

"Nataka kichwa cha mbwa wa mto. Chenye meno yote."

"Cha supu?"

"Cha kukatia."

"Jamani, mjane anatafuta meno!" muuza samaki aliwatangazia wenzake. "Mama, wachumba wanakuja na meno yao, huna haja ya kununua!"

Meza nzima ikacheka, na Mama Waya naye akacheka kidogo, maana kununa sokoni ni kumwaga mafuta motoni. Kichwa kikaletwa, kikawekwa juu ya ubao. Akamwomba muuza samaki akikamate kwa mikono miwili. Akapitisha nailoni katikati ya meno, akavuta kwenda, akavuta kurudi, polepole, kama mtu anayekata ubao kwa msumeno. Mara ya kwanza palibaki mkwaruzo. Ya pili, kinyuzi cheupe. Ya nne ikakatika, na mkono wake ukaenda hewani.

Akapitisha waya. Ulilia vibaya, ngozi ya muuza samaki ikamsisimka mikononi, jino moja la pembeni likapasuka. Akavuta mara ishirini. Waya ulitoka na mng'ao mpya mahali pamoja, basi.

"Sasa unafurahi?" aliuliza muuza samaki.

"Nusu," alijibu.

Alikuwa amepata jibu la swali aliloulizwa: kwa meno yale, chuma. Lakini lile swali lake mwenyewe lilikuwa bado limesimama palepale. Kama waya haukatiki, mshipi ulifikaje kwenye meno?

Hapo ndipo alipoinua macho akaona samaki wadogo waliotundikwa juu ya meza. Walikuwa wametungwa kwenye waya ulionyooshwa kati ya misumari miwili, na kwenye kila kitanzi cha waya ule palikuwa na mizunguko saba ya kubana na miwili ya kulegea. Alimtambua mumewe kama mtu anavyotambua kikohozi cha mtu wake ndani ya umati.

"Huo ulipata wapi?"

"Si marehemu alinipa, mwaka tuliojenga kibanda? Na misumari alipigilia mwenyewe, mmoja huku mmoja huku, akasema shingo moja inatosha. Sijawahi kuugusa toka siku hiyo."

"Umeshika kutu. Nipe huo, nikupe mpya." Hakusema kwamba alitaka tu kuwa nao nyumbani.

Muuza samaki hakukataa kipya. Akashusha samaki wake, akapachika kitanzi kimoja cha shingo mpya kwenye msumari wa kushoto, akanyoosha kwenda kulia. Haikufika. Akavuta kwa nguvu, akapanda kwenye kigoda, akavuta tena. Kati ya kitanzi na msumari palibaki nafasi ya vidole vinne.

"Wee Mama Waya!" alisema akicheka, viganja kiunoni. "Umeanza kutupunja?"

Mjane hakucheka. Alisogea akaweka vidole vyake kwenye ile nafasi. Viliingia vinne, vikakaa sawasawa, kana kwamba vilipimiwa.

Marehemu hakuwahi kutumia rula. Aliweka kiwiko kwenye ukingo wa meza, akanyoosha mkono, akakata waya ulipofika ncha ya kidole cha kati. "Ziraa moja," alikuwa akisema, "si zaidi si pungufu." Naye alipobaki peke yake alifanya kama alivyoona miaka yote: kiwiko kwenye ukingo ule ule, kidole cha kati, koleo. Aliona fahari kwamba hakubadilisha kitu. Haikumjia hata siku moja kwamba mkono ulikuwa umebadilika. Mume alikuwa mrefu wa kuinama milangoni. Yeye, watu wakitaka kumtania, walimuuliza kama ameketi au amesimama.

Msimu uliopita hakikuonekana kitu, kwa sababu aliuza zile shingo alizoacha mumewe, debe zima. Debe lilikwisha mvua zilipoanza. Samaki wadogo hawakujali vidole vinne. Lakini mbwa wa mto mkubwa akishashika hujiviringisha, mdomo wazi, akiufunga waya kwenye taya lake mwenyewe. Waya ukiwa mfupi, zamu inayofuata meno yanakutana na mshipi.

Kikulacho ki nguoni mwako. Chake kilikuwa ndani ya mkono wa gauni.

Alirudi nyumbani akaweka shingo mbili mezani, ya kutu na mpya, ubavu kwa ubavu, na hakushika koleo siku ile. Usemi wa muuza samaki ulikuwa wa mzaha, lakini ulikaa mwilini kama mwiba wa samaki. Kupunja. Tangu utoto wake alikuwa akisikia katika mahubiri jinsi Mungu anavyochukia kipimo kifupi, na kila mara aliposikia aliwafikiria wauza unga.

Jambo lililomtesa zaidi lilikuwa hili, kwamba njia ya kutokea ilikuwepo, tena pana. Kesho shemeji angekuja kuchukua nailoni. Ampe tu. Ampe ndefu, ziraa mbili. Angefurahi. Na ikikatika Jumamosi, nani angemlaumu Mama Waya? Nailoni ingebeba lawama; watu wangesema, ndiyo, nailoni hukatika, nani asiyejua? Au ampe waya mrefu bila maneno, aseme ni mtindo mpya. Samaki angepatikana, na wale watatu waliopotea wangebaki pale walipo, juu ya kichwa cha Bwana Fundo.

Alipiga magoti kando ya kitanda, mchana kweupe, akaomba. Hakuomba kuonyeshwa njia, maana njia alikuwa ameshaiona. Aliomba miguu.

Alhamisi hakungoja kufuatwa. Alikwenda nyumbani kwa shemeji, akamkuta mke wa shemeji anafua.

"Yuko kwa Kinyozi," mke alisema. "Amekwenda kujinyenyekeza. Dada, ninyi mmempa nini? Akikaa tu anafunga mafundo. Mguu wa kitanda umechunika rangi wote. Anafunga, anavuta, anafungua. Jana ameniuliza, 'Kweli fundo langu linateleza?' Mimi ninajua mafundo?"

Mama Waya alisema atarudi kusalimia vizuri, akaondoka haraka.

Chumba cha Kinyozi kilikuwa na kiti kimoja cha kuzunguka, kioo kilichopasuka pembeni, na benchi la wanaosubiri. Shemeji alikaa mwisho wa benchi, kofia mkononi. Wengine watatu walikuwa wavuvi. Kwenye kiti alikuwepo fundi viatu, nusu ya kichwa imenyolewa.

"Mama, hapa tunanyoa ndevu," Kinyozi alisema alipomwona. "Au zimekuota?"

"Zikiota nitakuja. Leo nimekuja na neno. Hodi kwanza."

"Karibu."

Akaweka shingo mbili kwenye meza ndogo, kati ya brashi na kopo la poda. Akakunja mikono ndani ya kanga.

"Huu wa kutu alitengeneza marehemu. Huu mpya nimetengeneza mimi. Angalieni ncha zake."

Kinyozi alizima mashine. Akazishika kwa kitanzi, akaziacha zining'inie. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Wavuvi walishafika kwenye maana kabla yake. Mmoja alivuta pumzi kwa meno.

"Alipimia mkono wake, nami nimepimia wangu," alisema Mama Waya. "Msimu huu wote. Sikujua mpaka jana. Samaki anajiviringisha, anafika kwenye mshipi, anakata. Huyu shemeji yangu fundo lake halijawahi kuteleza. Nimeona ncha, imetafunwa. Wale samaki watatu si wake. Ni wangu."

Fundi viatu akasema kutoka kitini, "Kinyozi, haya ni mazito, lakini nimalizie kichwa."

Watu walicheka, na kicheko kiliwapa wote nafasi ya kumeza mate. Mvuvi mmoja akachomoa shingo mfukoni, akaipimia kwenye ya kutu, akatikisa kichwa. "Na mimi nilimpiga kaka yangu kwa samaki aliyekatika mwezi jana," alisema, bila kumwangalia mtu. Mwingine alimwangalia Mama Waya moja kwa moja. "Sisi tunakuja kwako kwa kuwa ni kwako," alisema. "Ukipungua wewe, tutakwenda wapi?" Hakusema kwa hasira, na hiyo ndiyo iliyouma.

"Una haki," alijibu. "Zote nilizouza zirudi. Nitawapa nyingine."

"Za nailoni?" aliuliza Kinyozi. "Watu wanasema nailoni ndiyo sasa."

"Nimeijaribu kwenye meno. Mara nne tu. Atakayeitaka aende dukani, simzuii. Mimi nitatoa chuma, kwa kipimo cha huu wa kutu. Nimeshachonga kijiti cha urefu wake."

Kinyozi alizungusha kiti cha fundi viatu kidogo, akakirudisha, kama mtu anayetafuta cha kufanya. "Mama, ungempa nailoni mimi nisingejua chochote."

"Ndiyo."

"Na mimi ndiye niliyemwita Bwana Fundo." Akageuka kwenye benchi. "Mzee mwenzangu, jina lile nililitoa mimi, nalichukua mimi. Hawa mashahidi. Jumamosi si ya mwisho. Ni ya kwanza, tunaanza upya."

Shemeji alisimama. Aliweka kofia kichwani, akaivua, akaiweka tena. Alipita mbele ya Mama Waya, akatoka, na mgongo wake ukaonekana ukivuka barabara kati ya baiskeli mbili, ukienda haraka.

Mjane hakumfuata. Mtu aliyesingiziwa miezi miwili hapewi dakika mbili za kusamehe. Alirudi nyumbani, akakaa mezani siku nzima na ya pili yake, akasokota. Kiwiko kilienda chenyewe kwenye ukingo wa meza, kwa mazoea, na kila mara alikirudisha kama anavyorudishwa mbuzi, akachukua kijiti. Waya wa baiskeli ulimwishia Ijumaa adhuhuri, akaenda kwa fundi wa kona ya pili, akarudi na mzigo.

Jumamosi kulipopambazuka alisikia hodi. Shemeji aliingia na mshipi wake wote, umeviringishwa kwenye kibao. Safari hii alivuta kigoda, akakaa.

Hakusalimia kwa maneno mengi. Alichukua shingo moja mezani, akapitisha kidole kwenye mizunguko, akaivuta kwa mikono miwili mbele ya kifua mpaka mishipa ya shingo yake ikasimama. Akachagua ya pili, akafanya vile vile. Kisha akatoa ncha ya mshipi.

"Ungeniambia kwanza mimi," alisema. "Nyumbani. Kabla ya watu."

"Nilikwenda kwako. Nikakuta umeshakwenda kwa Kinyozi." Akafikiri kidogo, maana hiyo haikuwa yote. "Nami niliogopa. Ningekuambia peke yako, ungenionea huruma, ungesema yaishe hapa hapa. Wewe ungebaki Bwana Fundo."

Shemeji aliinama juu ya mshipi. Alipitisha ncha ndani ya kitanzi, akaizungusha, mikono ikasita. Miezi miwili ya kuambiwa huwezi haitoki vidoleni kwa usiku mmoja. Akafungua, akaanza tena.

"Shika hapo, shemeji," alisema.

Mama Waya akashika waya kwa vidole viwili, bila kuvuta, bila kusaidia. Fundo likaingia, likakaa. Shemeji akalilowesha kwa mate, akakaza.

"Na leo mshipi ukikatika?"

"Utaniletea ncha," alisema Mama Waya. "Tutaiangalia sote."

Shemeji akaangalia fundo, kisha akaangalia birika lililokuwa jikoni.

"Chai ipo?" aliuliza.